Viwavi Wataamka Jumatatu

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo Mwalimu Mkuu katuita ofisini kwake, mimi na Bi Mkasi. Bi Mkasi si jina lake. Nimempa mimi, kimyakimya, kwa sababu anakata karatasi kama aliyezaliwa na mkasi mkononi. Yeye anafundisha sanaa chekechea ya pili. Mimi chekechea ya kwanza. Kati yetu kuna ukuta mmoja mwembamba, na kila siku nasikia watoto wake wanavyocheka. Sijui wanacheka nini. Sanaa si mchezo.

Habari yenyewe ni hii. Shule haiwezi kuweka walimu wawili wa sanaa. Mmoja ataajiriwa moja kwa moja, mwingine ataagwa kwa heshima. Najua heshima ya hapa. Mwalimu wa muziki aliagwa kwa heshima, akapewa soda ya moto na kuombwa arudishe funguo. Mkaguzi anakuja Jumatatu ijayo kutazama somo moja la kila mwalimu: kazi za karatasi zinazotokana na mazingira. Atakayempendeza ndiye anabaki.

Nikikosa kazi hii, najua pa kwenda, na ndiyo maana nimekosa raha tangu asubuhi. Shemeji, kaka yake mke wangu, ana duka la vifaa vya ujenzi. Ameshaninunulia aproni. Ameitundika nyuma ya mlango wa stoo, na kila nikienda kumsalimia ananionyesha, eti isije ikanibana. Mimi, msanii, nibebe mifuko ya saruji mbele ya watu niliowachorea mabango ya harusi. Haiwezekani.

Mchana nimechungulia mpango wa Bi Mkasi. Majani. Watoto waokote majani, waweke chini ya karatasi, wasugue juu kwa kalamu za nta mpaka mishipa ya jani itokee, kisha wakate. Basi, kwisha. Nimeingia chooni nikacheka peke yangu mpaka mwalimu wa michezo akagonga mlango kuuliza kama naumwa.

Mimi nitafanya kiwavi anayegeuka kipepeo. Majani tutayaacha kwa mbuzi.

Jumanne, 7 Oktoba

Somo la kwanza. Nimewaonyesha: vipande viwili virefu vya karatasi ya kijani, unavibandika pembe kwa pembe, unakunja hiki juu ya kile, kile juu ya hiki, mpaka unapata kitu kinachonyumbuka. Ukichora macho, ni kiwavi. Wangu alitoka safi sana. Niliwaambia wamtazame kwa makini. Walimtazama kwa makini, kisha wakafanya mambo yao.

Sijui niseme nini. Mmoja kakunja mara moja tu, akasema wake amezeeka hawezi kujikunja. Mmoja kampa wake macho tisa. Pacha fulani waliungana wakatengeneza kiwavi mrefu hadi mlangoni, na sasa hawakubaliani kichwa ni cha nani. Chekechea hii haina vipaji.

Halafu kuna Bwana Mbona. Kamtoto kadogo, meno ya mbele hayapo, kila sentensi inaanza na mbona. Mbona kiwavi hana miguu. Mbona mwalimu ana wino sikioni. Kiwavi wake alichanika mkia, na badala ya kulia kama mtoto mwenye adabu, alibandua plasta kwenye goti lake mwenyewe akamtibu. Sasa anamwita Mgonjwa, anatembea naye mfukoni, anamtoa kila saa kumwuliza hali.

Nilipowaza Mkaguzi akitazama takataka ile, nilitokwa jasho. Ndipo wazo likaja lenyewe. Kiwavi huwa anajifunika. Anajitengenezea kijumba, anaingia ndani, haonekani tena. Tutawafunika wote! Mkaguzi hataona kiwavi hata mmoja.

Tatizo ni gundi. Ya shule imekwisha, kopo la mwisho liko kwa Bi Mkasi. Nilimwomba kwa sauti ya mtu asiye na shida sana. Akasema nichukue nusu, tena akanitafutia chombo. Nikamwambia ahsante, siombi nusu, mimi nina gundi yangu nyumbani. Sina. Lakini yule mama anapenda sana kuonekana mwema, na sitamsaidia.

Jumatano, 8 Oktoba

Alfajiri nimepika gundi ya unga wa ngano. Mke wangu kanuna, unga ulikuwa wa wiki nzima. Mama mkwe katazama sufuria akauliza uji huo ni wa mgonjwa gani. Gundi ya unga hufubaa ikikauka, na mimi nataka ing'ae, kwa hiyo nikatia sukari. Nikaona bado. Nikatia nyingine. Iling'aa kama kioo. Hakuna aliyenifundisha hili, ni kipaji tu.

Kisha dukani kwa shemeji kuomba mifuko mitupu ya saruji, ile karatasi yake ya khaki nzito. Alinipa, ila kwanza nijaribu aproni. Nilijaribu. Akanizungusha mbele ya wateja kama ananiuza. Akasema imenikaa. Wateja nao wakasema imenikaa.

Darasani kazi ilikwenda. Kila mtoto kakata kipande cha khaki, kakizungusha kama koni, kamlaza kiwavi wake ndani, nami nikapita nikiziba mdomo wa koni kwa gundi. Watoto walipiga chafya za saruji somo zima. Waligundua pia kwamba gundi ni tamu. Kuna waliobandika, na kuna waliolamba. Tumetundika vijumba vyote kwenye kamba kutoka dirishani hadi kabatini, na kusema kweli vinapendeza. Havionyeshi kilichomo.

Hapo Bwana Mbona akauliza mbona nimemfungia Mgonjwa gizani. Wengine wakaanza kuvuta midomo ya kulia. Nikaona maji yanaelekea kunifika shingoni, nikasema wasihofu, viwavi wamelala tu, na Jumatatu wataamka wakiwa vipepeo. Akauliza kama ni kweli kabisa. Nikasema kweli kabisa. Akauliza kama naapa. Nikasema mwalimu haapi, mwalimu akisema imekwisha. Akaniamini, na wote wakaniamini, na kukawa na amani mpaka kengele.

Nilikuwa nataka utulivu wa dakika chache. Sikujua Mwalimu Mkuu kasimama mlangoni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeamka mtu mkubwa. Chekechea ya kwanza leo haikutoa sauti. Wameingia kwa ncha za vidole. Wanaomba ruhusa ya kwenda chooni kwa ishara. Mmoja alijigonga meza, akatoka nje, akalilia uwanjani, akafuta machozi, akarudi. Ni kwa ajili ya viwavi. Hawataki kuwaamsha kabla ya siku yao.

Mwalimu Mkuu kaja kuona kwa macho yake. Miaka yote ya kazi yake, alisema, hajapata kusikia chekechea iliyonyamaza. Akauliza mbinu. Nikamwambia ni mbinu yangu ya ukimya wa kisanaa, bado naifanyia utafiti. Akafurahi mno. Akasema jambo kama hili haliwezi kuonwa na Mkaguzi peke yake, na mchana huohuo akawaalika wazazi wote waje Jumatatu kuona vipepeo wakitoka.

Vipepeo gani?

Baada ya kazi Bi Mkasi kanifuata. Nilidhani kaja kunipongeza, kumbe ana ushauri. Eti mtoto mmoja kamwuliza kama viwavi wanapumua. Eti hawa wa kwangu hawajui kwamba tunatania, wanaona kweli wale ni hai, basi niwaambie mapema na nifanye nao vipepeo wao wenyewe, karatasi atanipa. Nilimsikiliza hadi mwisho nikamwambia ahsante kwa mawazo. Roho ya kwa nini hiyo. Watoto wake hawajanyamaza hata siku moja.

Lakini alinikera, sifichi. Kwa hiyo alipoondoka niliingia darasani kwake, nikaushika ubao wake wenye majani yote ya karatasi, nikausogeza hadi dirishani panapopiga jua siku nzima. Yatakauka, yatapinda, yatapauka. Nikatoka nikipiga mluzi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jioni nzima nyumba imekuwa kiwanda. Nahitaji vipepeo wa darasa zima na wawe wazuri. Karatasi ya kung'aa sina. Nimekwenda kwa shemeji, nikatoka na rundo la kalenda zake za mwaka jana, zile za mabati ya kuezekea. Rangi zake nyekundu na buluu, safi sana. Shemeji kaniuliza nitaanza lini kazi. Nikamwambia aproni aitafutie mtu mwingine. Akacheka akasema haina haraka.

Mke wangu kakata, mama mkwe kakata, mimi nimesimamia. Ukikunja karatasi katikati ukachora bawa moja, unapata mabawa mawili yaliyolingana sawasawa. Mama mkwe kalalamika mgongo. Mke wangu kauliza mbona watoto hawakutengeneza vipepeo wao wenyewe, kwani somo ni la nani. Nikamweleza kwa upole kwamba mtoto akiachiwa karatasi anatoa uchafu, na Mkaguzi haji kutazama uchafu. Akauliza Mkaguzi anakuja kutazama nini. Mwanamke huyu angekuwa wakili.

Vipepeo ni wazuri ajabu. Wote sawa. Huwezi kujua yupi ni wa nani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mlinzi wa shule kanifungulia baada ya kumweleza kwamba nimesahau miwani. Sivai miwani. Alinitazama usoni, akanitazama tena, akafungua.

Nimefungua vijumba kimoja kimoja. Viwavi nimewatoa nikawatupa kwenye pipa la nyuma ya darasa: wa macho tisa, mzee wa mkunjo mmoja, yule wa pacha niliyemkata Jumatano ili aenee, na Mgonjwa na plasta yake. Huyu wa mwisho nilimshika kidogo, sijui kwa nini. Alikuwa mwepesi. Nikamtupa naye.

Kisha kipepeo mmoja kila kijumba, mabawa yamekunjwa, na gundi mpya mdomoni. Nimepaka kwa ukarimu, ikachuruzika chini, ikashuka kwenye kamba, ikafika kabatini. Kila kitu kinang'aa. Nimefunga madirisha upepo usiingie.

Nikapita kwa Bi Mkasi kujiburudisha. Majani yake yamepinda kweli. Kingo zimejikunja juu, mengine yamepauka pembeni yakawa na rangi ya kahawia. Kazi yake imeharibika kabisa. Kesho nitalala mchana kama mtu aliyeajiriwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye viatu vya raba, hasemi sana. Alianza kwa Bi Mkasi. Mimi nikasimama karibu na ukuta nisikie anavyomponda. Sikusikia hivyo. Nilisikia akiuliza mmewezaje kuyafanya yakunjamane hivi, yanaonekana kabisa yameanguka mtini sasa hivi. Bi Mkasi akasema hajui, huenda ni jua, ubao ulisogezwa na mtu. Mkaguzi akasema huyo mtu ana jicho. Nilishindwa hata kudai sifa yangu.

Kisha wakaja kwangu. Wazazi wamejaa hadi mlangoni, simu juu. Watoto kimya kama hawamo. Nikatoa hotuba fupi kuhusu maumbile na subira. Mwalimu Mkuu akaipigia makofi kabla haijaisha. Nikaanza na Bwana Mbona, kwa sababu nilitaka kumnyamazisha kwanza.

Alifungua kijumba polepole, kwa heshima kabisa. Wakatoka sisimizi.

Si wawili watatu. Walimiminika. Walikuwa wameingia kwa kamba, wameifuata sukari yangu kutoka kabatini, wamehamia kwenye kila kijumba na kufanya maisha humo. Wakampanda mkono, wakampita. Kila mtoto kafungua chake, kila kijumba sisimizi. Mzazi mmoja akapanda juu ya kiti cha chekechea, kiti kikavunjika. Mkaguzi alikuwa anajipangusa shingo. Watoto peke yao hawakuogopa. Walifurahi, maskini. Walikuwa wameambiwa kitatoka kitu hai, na kimetoka.

Ningenusurika hapo. Nilishafungua mdomo kusema kwamba hiyo ndiyo sayansi. Lakini Bwana Mbona akamkung'uta kipepeo, akamtazama juu na chini, akauliza mbona huyu ameandikwa Februari. Mwenzake akasema wa kwake ana mabati. Bwana Mbona akauliza mbona wake hana plasta. Akauliza Mgonjwa yuko wapi.

Nikasema Mgonjwa ndiye huyo, amegeuka. Akasema hapana. Hakubisha, alisema tu, kama mtu anayemsaidia mwenzake aliyekosea nyumba. Akasema Mgonjwa angekuwa na kovu.

Hapo mmoja wa wale pacha, aliyetoka nje kutupa sisimizi wake, akarudi na kiwavi nusu mkononi. Kamkuta kwenye pipa. Wote wakatoka mbio. Niliwaona kutoka dirishani wakilipindua pipa, wakichambua maganda na vumbi, kila mmoja akimtafuta wake. Na kila mmoja alimjua wake. Wale viwavi niliowaona wote uchafu mmoja, hakuna aliyekosea hata kidogo. Bwana Mbona alimpata Mgonjwa chini kabisa, amelowa, kakandamizwa. Hakulia mara moja. Alinitazama kwanza kupitia dirisha, akawa ananitazama tu, halafu ndipo akalia, na darasa zima likalia naye. Siku zote za kunyamaza zilitoka kwa pamoja. Niliona aibu. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Bi Mkasi ndiye aliyetoka. Aliketi chini pale pale kwenye vumbi, akawaita watoto wake walete majani yao, na kila kiwavi akapewa jani la kulalia. Watoto wake walitoa majani ya maonyesho bila kulalamika. Mkaguzi naye akavua koti akaketi, akakunja karatasi, akawa anaunganisha kiwavi wa pacha. Wazazi walipiga picha hizo. Mimi nilibaki ndani na sisimizi.

Jumanne, 14 Oktoba

Bi Mkasi kaajiriwa. Mimi naagwa kwa heshima mwisho wa wiki. Mwalimu Mkuu aliniambia bila kukaa. Nikamkumbusha mbinu ya ukimya. Akasema amepokea simu za wazazi kuhusu ukimya.

Bi Mkasi alinisubiri koridoni. Sikutaka huruma yake, nikajitayarisha kumjibu, lakini hakusema lolote kuhusu kazi. Alisema watoto wanangoja, na ni vizuri niwaambie mwenyewe. Niwaambie tu kwamba nilidanganya na kwamba samahani. Maneno mawili. Akasema watoto husamehe haraka, atasimama nje nisione haya.

Nilikubali. Kweli kabisa nilikubali. Nilikwenda hadi mbele ya darasa nikiwa nimeyashika maneno yote mawili mdomoni. Viwavi wamelazwa dirishani juu ya majani. Mgonjwa ana plasta mpya. Bwana Mbona alinyanyua mkono, akauliza mbona niliwatupa.

Nikafungua mdomo niseme samahani, na nikasikia sauti yangu ikisema kwamba sikuwatupa. Ilisema vipepeo wa kweli walitoka mapema, Jumamosi, wenyewe. Wakaacha maganda yao, kama nyoka anavyoacha gamba, nami nikayaweka pipani. Ilisema vipepeo wameruka mbali, na ndiyo maana naondoka shule hii, nakwenda kuwatafuta.

Watoto wakatazamana. Mwenye kiwavi wa macho tisa akauliza kama ni mbali sana. Nikasema sana. Kasichana fulani akafungua mkoba wake akanipa chupa yake ya maji, eti ya njiani. Pacha wakanipa maelekezo, wote wawili, tofauti. Bwana Mbona ndiye aliyekawia. Alinitazama muda mrefu nikajua kimenuka. Kisha akaja mbele, akanipa mkono kama mtu mzima, akaniuliza nitarudi nao lini.

Nikasema Ijumaa.

Bi Mkasi alisikia yote mlangoni. Aliinua mikono akaishusha, akarudi darasani kwake.

Sasa nipo nyumbani nafikiri kwa utulivu. Mambo hayajaharibika kama yanavyoonekana. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa dogo, la kiufundi: vipepeo walikuwa wa karatasi. Mtoto wa leo ni mjanja, anataka kitu hai. Nikiingia Ijumaa na vipepeo hai, wa darasa zima, nikawafungulia mbele ya Mwalimu Mkuu, nani atamkumbuka Bi Mkasi na majani yake? Wazazi wenyewe watapiga simu nirudishwe. Nimeshamwambia mke wangu atoe chandarua kitandani. Mama mkwe anajua kushona, ataunda wavu.

Shemeji kapiga simu, ananitaka dukani kesho saa moja. Nimemwambia nina homa.